Wa Kwetu, Wa Mto

Mafuta ya karafuu ndiyo yaliyoniponza. Kazini kwetu tunatia matone machache kwenye karai la maji, vifaranga vya samaki vinalewa, vinalala ubavu, na hapo ndipo unaweza kushika kimoja kimoja na kukikata pezi bila kukitesa. Nimefanya kazi hiyo miaka tisa. Mikono yangu inanukia karafuu hata siku za mapumziko, na mume wangu ana mzaha wake asiochoka kuurudia, kwamba yeye alitaka mke akapewa dawa ya jino.

Kituo chetu kinatotolesha samaki aina ya trauti. Zamani mto huu ulikuwa na trauti wake wenyewe, mpaka kiwanda cha ngozi kule juu kilipomwaga uchafu wake na samaki wakafa wote ndani ya wiki moja. Kiwanda kilifungwa, maji yakatakata, samaki hawakurudi. Ndipo Mjomba, kaka yake mama, alipokabidhiwa mahodhi sita ya saruji na mayai kutoka mto mwingine, akaambiwa aurudishie mto samaki wake. Kila mwaka tunamwaga vifaranga elfu nane. Kabla ya kwenda, kila kimoja kinakatwa kapezi kadogo kalaini ka mgongoni, karibu na mkia. Hiyo ndiyo alama. Ukivua samaki mtoni akawa hana kapezi, huyo tumemlea sisi. Akiwa nako, amezaliwa mtoni, na maana yake ni kwamba mto umeanza kuzaa.

Kwa miaka ishirini na miwili Mjomba alikuwa akimtoa samaki wavuni, anapitisha dole gumba mgongoni, anasema, "Wa kwetu," kisha anamrudisha majini. Wa kwetu, wa kwetu, wa kwetu. Neno lingine alikuwa nalo, ila hakuwahi kupata nafasi ya kulitumia, na sisi hatukuthubutu kumtania kwa hilo.

Mwaka jana, siku moja kabla ya kumwaga, mama yangu aliamka na shavu limevimba. Nikachukua nusu ya chupa ya mafuta ya kazini, nikayatia kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi, nikampelekea. Alilala usingizi mzuri, akanibariki. Kesho yake mchana mafuta yakaniishia karai moja likiwa bado. Vifaranga kama mia tatu hivi. Bila mafuta huwezi kuwakata, wanapapatika na mkasi unakwenda na nyama. Dereva wa lori alikuwa anapiga honi, Mjomba ananiita nifanye haraka, na mimi sikuwa na mdomo wa kusema kwamba dawa ya samaki iko kwenye jino la dada yake. Nikawamimina kwenye pipa la mwisho vilevile walivyo. Kwenye daftari nikaandika: Wote wamekatwa. Nilijiambia mia tatu kati ya elfu nane si kitu.

Pipa la mwisho siku zote huenda kwenye kina cha juu, pale maji ya mto yanapotuama chini ya daraja.

Alhamisi iliyopita alikuja mtaalamu kutoka ofisi kuu kuhesabu samaki. Tunamwita Bibi Kalamu kwa sababu huchomeka kalamu tatu kwenye nywele na bado huazima ya nne. Ni mtu mwema, lakini fomu yake ina swali moja tu: kapezi kapo au hakapo. Tulianza na kina cha juu. Mjomba akamtoa samaki wa kwanza, akapitisha dole gumba, dole likasimama. Akalirudisha nyuma, akalipitisha tena.

"Wa mto," akasema, taratibu kabisa.

Wa pili akawa vilevile. Na wa tatu. Walifika arobaini na mmoja. Mjomba aliketi kwenye jiwe, buti zimejaa maji, akalia kama mtu aliyefiwa, anajifuta kwa mkono wa shati. Bibi Kalamu naye akageuka upande akajifanya anatafuta kalamu.

Mimi nilikuwa nimeshika ndoo, nikainama kutazama ndani. Samaki wote walikuwa na urefu mmoja, shibiri na kitu, kama watoto wa darasa moja. Halafu nikaangalia mapezi ya kifuani. Mjomba mwenyewe ndiye aliyenifundisha: samaki aliyelelewa kwenye hodhi husugua kifua kwenye saruji, mapezi yake yanakuwa butu, yamechakaa kama kola ya shati la shule. Aliyezaliwa mtoni mapezi yake yana ncha. Wale kwenye ndoo walikuwa butu, kila mmoja. Mjomba hakuangalia kifuani. Na mimi sikumwambia aangalie.

Bibi Kalamu alieleza kinachofuata. Mto ukishaanza kuzaa wenyewe haumwagiwi tena, maana samaki wa mahodhini huwabana na kuwala watoto wa mto. Vifaranga vya mwaka huu, ambavyo hata havijakatwa, vingechukuliwa Jumatatu mchana na mtu mwenye mabwawa ya kufuga. Mahodhi yangebomolewa. Mjomba angestaafu kwa heshima.

Ijumaa nilimkuta anasugua hodhi la kwanza huku anapiga mluzi. Tangu utoto wangu sijamsikia akipiga mluzi.

"Mjomba, nina neno."

"Hata mimi ninalo," akasema. "Nikuambie kitu, mpwa wangu? Nilishaanza kuogopa. Nilikuwa nasema moyoni, labda miaka yote hii nimekuwa nalisha korongo tu." Akacheka. "Haya, neno lako."

"Nilitaka kujua kama hizi nyavu tunazigawa."

Nilikwenda nyuma ya ghala nikapiga teke ndoo mpaka ikapasuka. Nilimkasirikia yeye kwa kufurahi kiasi kile. Nililikasirikia jino la mama. Kama ningenyamaza, samaki waliopo wangezeeka na kufa, baada ya miaka michache mtu angekuja na wavu akutane na maji matupu, na mahodhi yangekuwa yamekwisha kuwa kifusi. Kama ningesema, ningemnyang'anya mzee kitu pekee alichokiomba. Na mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, kwa hiyo sikuwa na wa kumlilia.

Jumamosi nilikwenda kwa mama. Alikuwa anakunja nguo. Nikamsimulia yote. Nilipofika kwenye jino alicheka, nilipofika kwenye samaki akaacha kukunja.

"Mwanangu, mficha uchi hazai."

"Atavunjika moyo, Mama."

"Atavunjika. Ni kaka yangu, namjua." Akalitazama shuka lililokuwa mkononi. "Lakini ukimwambia Jumatatu mbele za watu, mimi sitakusamehe. Nenda kesho, nenda peke yako. Na jino langu litaje, usinifiche."

Jumapili nilimkuta anapiga pasi shati la kuvaa kesho yake. Sikukaa. Nilisema yote nikiwa nimesimama mlangoni: chupa, jino, karai, daftari. Aliendelea kupiga pasi mkono uleule wa shati, mara moja, mara mbili, mpaka chumba kikaanza kunuka kitambaa kinachoungua. Akachomoa waya ukutani.

"Uliandika wote wamekatwa."

"Niliandika hivyo."

"Karai zima?"

"Karai zima, Mjomba. Nisamehe."

Hakusema amenisamehe. Alilikunja shati likiwa na alama yake ya kahawia.

"Mpigie simu mama wa kalamu. Mwambie asubuhi, kabla ya lori, tunapima tena," akasema. "Ila nitakayewashika ni mimi."

Asubuhi ya Jumatatu tulikuwa watatu chini ya daraja. Bibi Kalamu alikwisha kuniambia kwamba barua yangu ya kujieleza itadaiwa, na nilimjibu kwamba nitaiandika. Wavu ulitoa thelathini na wanne. Safari hii Mjomba hakugusa mgongo. Alimshika kila samaki kwa mikono miwili, akafungua pezi la kifuani kwa ncha ya kidole, akalitazama, akasema, "Wa kwetu." Bibi Kalamu akaandika. Samaki akarudi majini. "Wa kwetu." Hakunitazama hata mara moja. Alipofika wa ishirini sauti ilikuwa imeshuka, na Bibi Kalamu akasogea karibu ili asikie.

Wa mwisho alimshika muda mrefu. Alimgeuzia kwenye mwanga, akamtumbukiza majini apumue, akamtoa, akamgeuza upande wa pili. Nilijua anatafuta nini. Nilitamani kukiona kuliko yeye.

Kisha akanikabidhi yule samaki.

"Mtazame wewe," akasema. "Una macho mazuri."

Nilifungua pezi. Bibi Kalamu alikuwa ameinua kalamu. Mjomba alikuwa ananitazama sasa, kwa mara ya kwanza tangu jana, na machoni mwake mlikuwa na ombi ambalo asingelitamka hata ungemchoma moto. Mmoja tu. Mmoja asingeharibu hesabu ya mtu yeyote.

Pezi lilikuwa butu.

"Wa kwetu," nikasema.

Mjomba aliitikia kwa kichwa. Alisubiri mpaka nimemrudisha samaki majini, akafuta mikono kwenye suruali, akaniuliza kama kituoni yamebaki mafuta ya karafuu ya kutosha elfu nane.