Mwenyekiti wa Mwako na Mbegu za Madimba

Dokta Modesta alikuwa na chama, na chama chenyewe kilikuwa kinamfia mikononi. Kiliitwa Chama cha Watafiti wa Mwako Tanzania, yaani watu waliosomea jinsi vitu vinavyoungua, kuanzia gesi ya mitamboni mpaka kuni za jikoni kwako. Watu wakilisikia jina hilo walicheka. Shemeji yake alishamuuliza kama kuungua nako kunataka mwenyekiti.

Yeye hakucheka. Alikuwa mwalimu wa chuo, mtu wa Tabora aliyeletwa Mtwara na kazi, akapanga nyumba mtaa wa Rahaleo, mvi zikamkuta humo humo. Alipochaguliwa kuongoza, miaka sita nyuma, wanachama walikuwa sitini na watatu nchi nzima. Sasa walibaki kumi na tisa, tena wengine ukiwapigia simu wanakukoholea tu. Mwaka uliopita walikubaliana hivi: ikifika Desemba serikali haijapokea kazi yao hata moja, chama kifungwe, kila mtu ashike njia yake.

Na kazi ilikuwapo. Lilikuwa jiko la udongo lililovishwa bati, linakula kuni chache na halitoi moshi. Mwezi wa saba, mavuno yalipokwisha kuingia ndani, waligawa majiko arobaini kijijini Madimba. Pale ndipo ulipo mtambo wa gesi, na gesi inapita bombani hadi Dar es Salaam, lakini wanawake wa palepale wanapuliza kuni mpaka macho yanakuwa mekundu. Jambo hilo lilimuuma Modesta. Vipimo vikatoka vizuri kuliko walivyoota. Wakubwa kutoka wizarani wakaahidi kuja mkutanoni Mtwara; wakiridhika, majiko elfu mbili yatapelekwa mikoa ya kusini, na chama kitapumua.

Siku mbili kabla ya mkutano, asubuhi, Modesta alikwenda Madimba kupiga picha za mwisho. Akaanzia kwa Bibi Sabra, mjane mmoja mcheshi aliyepewa jiko la kwanza kabisa. Alimkuta jikoni kwake, kibanda cha fito na udongo nyuma ya nyumba.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo kwenye kigoda. Kifua kimepona, sikohoi tena, hilo liandike. Halafu, kitendawili."

"Tega," alisema Modesta, maana alimzoea.

"Nina mlinzi wangu mweusi, halali, hali, wala hana rungu. Siku alipofukuzwa, wezi wakaingia."

Modesta akasema mbwa. Bibi akasema mbwa gani asiyekula. Akasema kivuli. Bibi akasema kivuli usiku hayupo kazini.

"Basi nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Chukua Tabora, kwetu."

"Mbali, lakini nitafika." Safari hii bibi hakucheka. "Ni moshi, mwanangu. Hebu inua macho."

Modesta akainua macho. Juu ya pale palipokuwa na mafiga palikuwa na kichanja cha fito, kimepakwa masizi ya miaka na miaka, na juu yake mahindi yamepangwa na maganda yake. Bibi Sabra akavuta hindi moja, akalibana kidogo tu. Unga ukammwagikia mkononi kama mchanga mkavu, na ndani ya unga dumuzi, wadudu wa mahindi, wakawa wanatembea bila haraka, kama wenye nyumba.

Hiyo ndiyo ilikuwa mbegu yake. Mahindi meupe mafupi, yanayovumilia jua mvua ikisusa, aliyopewa na mama yake alipoolewa, na mama yake alipewa na wake. Dukani hayapo. Kila mwaka yalikaa pale juu, moshi unayapaka uchungu, mdudu hasogei mpaka mwezi wa kupanda. Mwaka huu jikoni palikuwa safi kama sebuleni.

Modesta akamuuliza kwa sauti ndogo kwa nini hakusema.

"Mlituambia moshi ni adui," alijibu Bibi Sabra. "Na nyinyi ndio wasomi. Nikadhani hao wadudu mmewatafutia dawa nyingine."

Miezi mitano watafiti waliingia na kutoka jikoni mle. Vipimo vyao walivitundika usawa wa pua ya mpishi, kama utaratibu wa chama unavyotaka, na fomu zao hazikuwa na mstari wa kuuliza kilichoko juu. Hakuna aliyeinua uso. Modesta mwenyewe alikuwa ameingia mara nne.

Siku ile alipita nyumba kwa nyumba. Katika arobaini, thelathini na nne mbegu ilikuwa unga; sita zilizobaki hazikuwa zimeweka mbegu.

Filipo, katibu wa chama, alifika kesho yake kwa ndege kutoka Dar es Salaam. Hakuwa mtu mbaya. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta.

"Mwenyekiti, sisi ni watu wa moto," alisema. "Wadudu wana watu wao."

Akamwomba wanyamaze kwa siku moja tu. Wageni waridhike, chama kipone, kisha walirekebishe jiko polepole. Modesta akamuuliza hayo majiko elfu mbili yataingia vijijini lini. Filipo akasema mwezi wa sita, wakati wa mavuno. Modesta akaviona vichanja elfu mbili, na chini ya kila kimoja mwanamke anayeshukuru kwamba hakohoi.

Mkutano ulikuwa katika ukumbi mmoja mtaa wa Chikongola, umezungukwa na kelele za maduka. Walikuja wanachama kumi na mmoja pamoja na mwenyekiti, na wageni wawili. Modesta hakuonyesha picha hata moja. Aliweka mezani hindi la Bibi Sabra juu ya gazeti, akalibana mbele yao, akaeleza yote, na akasema kosa ni lake kwa sababu yeye ndiye aliyetia sahihi karatasi ya kugawa majiko. Mgeni mmoja, mama mtaratibu, akafunga faili lake taratibu, akasema watasubiri chama kikamilishe utafiti. Kila mtu pale alijua maana yake.

Filipo akasimama, macho chini, akawakumbusha makubaliano yao ya mwaka jana. Wanaoafiki kufunga wanyooshe mkono. Kuhesabu ni kazi ya mwenyekiti. Modesta akahesabu mikono kumi. Wa kumi na moja ulikuwa wake, na haukuhitajika.

Kesho yake akarudi Madimba. Bibi Sabra alikuwa amekwisha kuyarudisha mafiga, moshi unapanda, lakini juu hapakuwa na cha kulinda ila mahindi yaliyokwisha kubunguliwa.

"Usijilaumu," alimwambia. "Nimemtuma mwanangu Bwanaheri kwa dada yangu Mgeni, kule Kilambo. Mbegu yetu ni moja, ya mama mmoja. Akinipa hata vibaba vinne nitapanda."

Modesta akamwambia ukweli. Mwezi wa nane alikuwa ametia sahihi karatasi nyingine, ya majiko ishirini ya Kilambo, na jina la dada huyo, Mgeni, lilikuwamo.

Bibi Sabra akainua macho kichanjani. "Na Kilambo pia?"

"Na Kilambo pia, Bibi."

Bibi akapanda kwenye kigoda, akaanza kuyashusha mahindi, akiyakung'uta moja moja juu ya ungo. Modesta akavua viatu, akakaa chini, akawa anachambua naye. Mpaka adhuhuri walikuwa wamepata punje kumi na nne ambazo kwa macho zilikuwa nzima. Bibi akaleta bakuli la maji, maana mbegu yenye uhai huzama. Akazimimina.

Zote zikaelea.