Fleti ya Ng'ambo ya Mto

Baada ya kumzika mumewe, Verline Gaddis alishindwa kulala katika nyumba yao. Hakuwa na mtoto, na viatu vya marehemu bado vilikuwa vimejipanga mlangoni. Akaanza kutafuta fleti karibu na hospitali alikouguza wagonjwa, upande wa mashariki wa mji wa Dayton, Marekani. Watu weusi kama yeye walivuka mto kwenda huko kufanya kazi tu, jioni wakarudi makwao.

Mwenye nyumba, Bwana Stroebel, alimtazama toka juu ya ngazi.

"Pole mama, umechelewa. Imeshapata mtu."

"Mbona kibao cha kupangisha bado kiko dirishani?"

"Nimesahau kukitoa."

Wodini Verline alimsimulia mwenzake Lorraine, mzungu mwenye mdomo usiolala. Lorraine akaenda jioni ile ile kujifanya mpangaji. Asubuhi alirudi amewaka.

"Shoga, kanionyesha mpaka kabati za jikoni! Kaniambia hata kesho nihamie. Utamwachia hivi hivi?"

Hakumwachia. Wakili alimweleza kwamba angeweza kupeleka malalamiko serikalini na kungoja hadi yaote ukungu, au kumshtaki Stroebel yeye mwenyewe, sheria ilimruhusu. Verline akashtaki.

Mahakamani wakili wa Stroebel alimuuliza, "Kwa nini ung'ang'anie mahali usipotakiwa?"

"Sikuomba kupendwa, bwana," alijibu. "Niliomba kupanga."

Lorraine naye alipanda kizimbani akasema aliyoyaona. Ndugu zake wakamsusa, na kabla ya hukumu kutoka alikuwa amehamia Indiana. Hata kuagana vizuri hawakuwahi.

Jaji aliamuru Verline apewe fleti.

Aliingia siku ya mvua, peke yake. Alipowasalimu majirani ngazini, waliinamia mizigo yao. Mama wa ghorofa ya chini alivuta pazia kila Verline akipita. Na kule kanisani kwao, wanakwaya wenzake walianza kumtania, "Karibu, mgeni wa ng'ambo!" Utani ukazidi kumchoma, akapunguza kwenda.

Jumapili moja mdogo wake Earnestine alimpigia simu. "Dada, rudi nyumbani. Umeshinda, watu wote wanajua. Nani unamkomoa sasa?"

"Simkomoi mtu. Nakaa kwangu."

"Unakula na nani?"

Verline alitazama mboga ya majani ya koladi na mkate wa mahindi mezani, sahani moja. Ukutani vilipenya vicheko vya majirani wakicheza karata.

"Nitakupigia baadaye," akasema.

Miaka ilipita. Mama wa chini alihama, na fleti yake wakaipanga mwalimu mmoja mweusi na mkewe. Safari hii Stroebel aliwapa ufunguo bila neno. Somo alikwishalipata. Walipokuwa wanashusha mizigo, Verline alishuka kuwapokea. Mke wa mwalimu akainua uso, akatabasamu.

"Shikamoo, mama. Wewe ndiye jirani yetu?"

"Marahaba, mwanangu," Verline akaitikia. Kwa muda mrefu hakuna aliyemsalimu ngazini. Basi akainama, akashika upande mmoja wa kochi, wakaanza kulisukuma pamoja kuliingiza ndani.