Moshi wa Sufuria ya Maji

Ijumaa asubuhi, kabla mlango wa benki ya chakula ya mkoa haujafunguliwa, mtunza ghala alikuwa akipima unga na kuutia kwenye mifuko. Nje foleni ilikuwa imeshapinda kona. Kati ya kinyozi na mama mwenye mapacha ulisimama moshi.

Haukuwa wa kwanza. Moshi wa aina hii ulianza kuja unga ulipopanda bei. Hutoka kwenye majiko ya watu wenye haya, wale wanaobandika sufuria ya maji matupu na kugonga mwiko ukingoni ili jirani asikie kuna kinachopikwa. Wenyewe hawaji, hata uwapigie magoti. Moshi wao hauna haya, kwa hiyo badala ya kupanda juu hushuka barabarani na kuja kupanga foleni. Mlinzi aliuomba tu usiingie ofisini, maana mapazia yalishika harufu. Na kwa kuwa hauwezi kubeba mfuko, dereva huufuata kwa gari hadi ulikotoka, akaacha unga na maharage mlangoni, akapiga honi na kuondoka kabla mtu hajaona aibu. Wengi walipona njaa kwa njia hiyo, na hakuna aliyewahi kushukuru.

Sheria ilibandikwa ukutani: wafanyakazi na ndugu zao hawahudumiwi. Iliwekwa baada ya msimamizi mmoja wa zamani kulisha ukoo mzima, pamoja na mbwa wao.

Zamu ya moshi ilipofika, mtunza ghala aliinua macho. Uliegemea kushoto, kama mtu mwenye goti bovu. Ulinukia maganda makavu ya machungwa, ambayo mama yake huwashia mkaa tangu yeye akiwa mtoto.

"Unaujua?" dereva aliuliza.

"Ni wa mama."

Dereva alitazama ukuta, akakuna kichwa. "Dada, unajua mambo yalivyo. Mimi kazi bado naitaka."

"Najua."

Moshi ulisogea pembeni, ukampisha mama wa mapacha. Mtunza ghala aliendelea kugawa unga, na roho ilimuuma. Kila Jumapili alipomtembelea mama yake aliambiwa, "Nimeshakula, mwanangu, nimeshiba mpaka najuta." Naye alikuwa akiamini, kwa sababu kuamini kulimrahisishia maisha. Wafanyakazi wa benki walikuwa hawajalipwa tangu mvua zilipoisha.

Jioni alikung'uta kopo la unga jikoni kwake, akaufunga wote kwenye kitambaa, akaupeleka kwa mama. Mama aliupokea bila maswali, akasonga ugali, akaweka sahani mbili.

"Moja tu, mama. Mimi nimeshakula."

"Umekula nini?"

"Nimeshiba mpaka najuta."

Mama alimtazama kwa muda, maana maneno yale yalikuwa yake. Kisha alikula, kwa sababu njaa ilikuwa kali, akalamba na vidole. Binti aliosha sahani. Alifurahi kumwona mama yake akila, na furaha hiyo ilimuuma vilevile.

Aliporudi kwake aliwasha jiko, akabandika sufuria ya maji. Wapangaji wenzake walizoea kumsikia akipika, naye hakutaka kuulizwa. Aligonga mwiko ukingoni. Moshi ulitoka dirishani, ukaangalia kushoto na kulia, ukashuka barabarani.

Ijumaa iliyofuata unga wa mama ulikuwa umekwisha, na moshi wake ulikuwa kwenye foleni tangu alfajiri. Nyuma yake ulisimama mwingine, mwembamba, umeshika kiuno kama mtunza ghala anavyosimama akichoka. Watu walisema ule wa mbele ndio ulioushikia nafasi. Dereva alijifanya anakagua matairi.

Zamu yao ilipofika, moshi wa mama ulirudi nyuma, ukautanguliza wa mwanawe.

Mtunza ghala alikuwa na mfuko wa unga mkononi, tayari umefungwa. Aliuweka mezani.

"Samahani," aliiambia yote miwili. "Wafanyakazi na ndugu zao hatuwahudumii."

Moshi ule mwembamba haukubisha, kwa kuwa ulilelewa vizuri. Ulimshika mama yake mkono, yote miwili ikasogea pamoja hadi ukutani, ikakaa chini ya ile sheria. Mtunza ghala aliuchukua tena mfuko, akamwita anayefuata.