Dua ya Mzee Jeneza

Ekow Dadzie alikuwa ameshakufa mara thelathini na sita kabla hajatia mguu Dodoma. Alishapigwa radi, akamezwa na chatu, akaungua ndani ya gari lake mwenyewe, na mara moja alikufa kwa aibu tu, maana mtunzi aliishiwa mawazo. Filamu arobaini na moja, na katika zote mchawi ni yeye. Kwao Ghana watu walimzoea. Wakikutana naye sokoni walimwomba kwa kicheko asiwaroge. Dodoma, walikomwita Mzee Jeneza, hakuna aliyecheka.

Na wala hakuutafuta huo uchawi. Alikuwa mwalimu wa shule kule Cape Coast, mwimbaji wa kwaya, mtu wa maigizo ya jukwaani aliyezoea kuvaa joho la wafalme. Kamera za video zilipoingia kwao, mwongozaji mmoja aliyatazama yale macho yake makubwa, akasema, "Wewe wa kilingeni." Akaketishwa mbele ya fuvu la plastiki. Maneno hayakuandikwa. Aliambiwa anuize kitu cha kutisha kwa lugha ya kwao, basi. Sasa mtoto wa mhubiri manuizo atayajulia wapi? Alichokuwa nacho ni dua ya marehemu mama yake, ile aliyomsomea kila alipofunga safari. Akaisema hiyohiyo kwa sauti ya kukwaruza, macho kayatoa. Ikapendwa. Tangu siku hiyo, kilinge kibadilike, fuvu libadilike, dua ni ileile, kwa miaka kumi na minne.

Aliomba apewe hata nafasi ya mlinzi wa getini, wakamcheka. Mwaka 2002, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja, ikaja barua ya Thobias, kijana wa Dodoma aliyeacha ukarani serikalini, akanunua kamera, akaapa kwamba naye atatengeneza sinema. Alimtaka Ekow acheze mkuu wa stesheni ya Gulwe, baba anayemngoja binti yake kila treni ipitapo, na siku binti anaporudi, anamkumbatia. Maneno ya Kiswahili ni machache, angeyakariri. Ekow alilisoma neno "baba" mara tatu, akafunga sanduku. Alijua akiikosa hii, nyingine haitakuja.

Wa kuigiza binti alikuwa Yusra, msichana wa chuo, mwenye kipaji hasa. Tatizo lilikuwa mama yake, Mwanamvua, muuza vitenge wa Majengo. Siku ya kwanza Ekow alimpa mkono. Mwanamvua akauficha wake ndani ya khanga.

"Mwanangu hakumbatiwi na Mzee Jeneza," alimwambia Thobias. "Kwenye video akikumbatia mtu, mtu anakufa. Nani ameniandikia kwamba hapa hafi?"

"Mama, yale ni maigizo."

"Basi akaigize na mwanao."

Thobias alikuwa hana mtoto. Tangu hapo Ekow alikuwa akila peke yake. Pale nyumba ya wageni mpishi alimwekea sahani dirishani, akagonga mara moja, akakimbia. Jumanne jioni Thobias alikuja kumwona, kichwa kainamisha.

"Mzee, Yusra asipofika Gulwe Ijumaa, itabidi nimwite mtu kutoka Dar es Salaam acheze baba badala yako. Mama yake anasema akija mtu mwingine, binti atakuja. Nisamehe sana."

"Jeneza ni nini?" Ekow aliuliza.

Thobias akamwambia. Akaona aibu kuishia hapo, kesho yake alasiri akampeleka Chang'ombe, mtaa wa palepale Dodoma, kwenye kibanda cha video cha Shaibu, wakasimama nje dirishani.

Kibanda chenyewe kilikuwa cha matofali ya udongo, mabenchi manane, televisheni moja, deki moja. Pembeni ya televisheni alikaa Shaibu na kipaza sauti, akiwafasiria watu sinema mwanzo mwisho. Analia sauti ya mwanamke, ananguruma sauti ya chifu, na penye ukimya anatia la kwake, maana hakuna aliyekuja pale kusikiliza ukimya. Kiingereza alikijua vizuri. Lugha nyingine zote za Afrika Magharibi alisema anazijua pia, na nani wa kumpinga?

Kwenye kioo Ekow alijiona amepiga magoti kilingeni. Akaanza dua ya mama. Shaibu akanguruma, "Nainywa damu ya mtoto huyu! Mama yake atazaa nyoka!" Watu wakapiga mayowe. Thobias alifasiri kwa kunong'ona, na Ekow akahisi hasira inampanda hadi masikioni. Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, akajiuliza ni nani aliyeitamka kwanza dua ile kwa sauti ya kutisha. Hilo lilimuuma zaidi.

Sinema ilipokwisha alimfuata Shaibu, ambaye kipaza nusura kimdondoke.

"Kesho saa kumi," Ekow alisema, Thobias akimfasiria maana Shaibu Kiingereza chake chote kilikuwa kimemkimbia kwa hofu, "utaweka kanda hii hii. Nitasimama mbele. Nitakachosema, wewe uwaambie hichohicho."

"Mzee wangu, watajua kwamba nilikuwa nabuni. Mimi nakula kwa mdomo huu. Nitafunga kibanda."

"Mimi nimekufa mara thelathini na sita na bado natafuta kazi. Wewe utakufa mara moja tu."

Shaibu alimtazama mzee yule, akaona hatanii.

Habari kwamba Mzee Jeneza atakuja mwenyewe ilienea mji mzima. Alhamisi kibanda kilijaa mpaka mlangoni. Mwanamvua naye alikuwepo, benchi la nyuma la wanawake, na Yusra ubavuni. Alimwogopa Mzee Jeneza, lakini sinema yake hata moja haikuwahi kumpita. Sinema ilipofika penye kilinge, Shaibu akasimamisha picha. Ekow akaingia, akasimama mbele ya kioo, na benchi la mbele likabaki tupu.

Alipiga moyo konde. Akaisema dua kwa Kifante, lugha ya kwao, kwa ile sauti ya kukwaruza, neno kwa neno kama kwenye kanda. Mtu mmoja akarukia nje dirishani. Kisha Ekow akavua kofia, akairudia kwa Kiingereza, taratibu, kwa sauti yake mwenyewe, na akaeleza ilikotoka. Akamgeukia Shaibu.

Shaibu alishika kipaza. Jasho lilimtoka. Kibanda kizima kilimngoja, na kwa mara ya kwanza humo ndani kukawa na ukimya.

"Jamani, naombeni radhi," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo ambayo wateja hawakuijua. "Anasema hivi. 'Mungu wa baba zetu, mtoto huyu anasafiri. Vumbi la njiani lisimwingie machoni. Akifika ugenini, ampate wa kumpokea.' Anasema ni dua ya mama yake. Anasema walimwambia atishe, hakuwa na maneno mengine, akaisema hiyo. Anasema hajawahi kuomba kitu kingine katika sinema zote."

"Na ile damu?" Mwanamvua aliuliza kutoka nyuma.

"Ile damu ilikuwa yangu, dada."

Watu wakaanza kuguna. Mmoja akamwita Shaibu mwongo, mwingine akataka kiingilio chake. Shaibu aliinamisha kichwa, akavumilia. Ekow hakuondoka. Alimtazama Mwanamvua peke yake, kofia mkononi, machozi yakimlengalenga katika macho yale makubwa, wala hakuyaficha. Aliipenda dua ile, na aliona haya kwa alivyoitumia.

Mwanamvua naye alimtazama. Halafu akasema, "Amin."

Wanawake wa benchi lake wakaitikia. Amin ikatembea hadi mbele.

Ijumaa, treni ya mchana ilisimama Gulwe. Yusra alishuka na kikapu, akamwona baba yake na kofia ya stesheni, akamkimbilia. Ekow alitakiwa kusema, "Umerudi, mwanangu." Maneno hayo aliyakariri wiki nzima na bado yalimpotea, akamkumbatia tu, muda mrefu, mpaka Thobias akasahau kusema imetosha.

Wakati wa chakula, mpishi wa kikosi cha sinema alimtengea Ekow sahani yake pembeni, kama kawaida. Mwanamvua alikuwa amekaa mkekani mbele ya sinia la pilau pamoja na Yusra. Akainua macho.

"Wewe Thobias, mwambie huyo mzee anawe mikono aje hapa. Msafiri hali peke yake."

Ekow alinawa, akaketi. Mwanamvua akachagua mnofu mnono, akausogeza upande wa mzee.