Kifungu cha Nelima wa Dunga

Jumatatu asubuhi, mwanamke anayeuza maandazi karibu na lango la shule alimsimulia Mwalimu Gakenia kisa ambacho Gakenia mwenyewe alikuwa amekitunga.

"Mwalimu, wikendi ulikula samaki?" aliuliza huku akifunga maandazi kwenye kipande cha gazeti.

"Sikula. Kwa nini?"

"Basi Mungu anakupenda. Kuna mama huko ufuo wa Dunga anaitwa Nelima. Samaki yake ikibaki jioni, anainyunyizia ile dawa ya kuweka maiti. Asubuhi inang'aa, unadhani imetoka kwa maji saa hiyo. Kastoma mmoja alikula, akaanguka hapo hapo."

Gakenia alitaka kucheka. Kisa kilikuwa chake, kuanzia dawa hadi mteja kuanguka. Alikuwa amekiandika kwa Kiingereza wiki iliyopita, akaondoa maneno kumi na kuacha mapengo, ili wanafunzi wake wa Gredi ya Sita wajizoeze vitenzi vya wakati uliopita kabla ya mtihani. Vifungu vya vitabuni vilikuwa vimewachosha. Vilihusu safari za ndege na ziara za makumbusho, na watoto wa mtaa wa Nyalenda walivijaza huku wakipiga miayo. Alipoanza kuandika vifungu kuhusu mahali wanapopajua, waliamka na alama zikapanda.

"Hicho ni kifungu cha mazoezi," alisema. "Nilikiandika mimi."

Mwanamke alimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mgonjwa asiyejua kwamba anaumwa.

"Mwalimu, huyo mama yuko. Jana walimwaga samaki yake yote. Ona mwenyewe."

Akamnyooshea simu. Gakenia aliiona karatasi yake. Mapengo yote yalikuwa yamejazwa kwa penseli, kwa mwandiko wa mtoto mwangalifu. Juu kabisa palikuwa na alama za kalamu yake nyekundu: kumi kwa kumi. Jina la shule lilikuwa limekatwa pichani. Chini ya picha mtu alikuwa ameandika: Chungeni familia zenu. Ni yule Nelima Mluhya wa Dunga. Hata shuleni wameandika.

Aliyapokea maandazi, akaingia langoni, na alipofika ofisini hakujua kama alikuwa amelipa au la.

Mwandiko ule aliufahamu. Ulikuwa wa Becky, msichana wa dawati la mbele. Kila Ijumaa wanafunzi walirudi nyumbani na kifungu kilichokwisha kusahihishwa, wakamsomea mtu mzima kwa sauti, naye akatia sahihi. Utaratibu huo Gakenia aliujifunza chuoni na aliuonea fahari. Alimwita Becky kando ya ubao.

"Ulimsomea nani, Becky?"

"Nyanya yangu. Anauza samaki Dunga. Nilimsomea kwa Kiingereza, halafu nikamwelezea."

"Ulimwambia ni zoezi?"

"Nilimwambia, Mwalimu. Akasema shule haiwezi kufundisha uongo. Akamwita anko apige picha." Mtoto alisita. "Nilikosea?"

"Hukukosea," alisema Gakenia. "Rudi ukae."

Bwana Oketch, mwalimu mkuu, alikuwa mtu wa kumaliza mambo upesi. Aliisoma picha ile, akavua miwani.

"Jina la shule linaonekana?"

"Limekatwa."

"Lako?"

"Halimo."

"Basi hakuna kesi. Mtu yeyote aliyepita shule anajua hiki ni kifungu cha mtihani. Mimi nimekitupia jicho moja tu nikajua. Hakuna Nelima, hakuna dawa. Ni mapengo na majibu yake."

"Nelima yupo, Bwana Oketch. Wamemmwagia samaki."

"Wa kwako hayupo. Huyo mwingine ana bahati mbaya." Akavaa miwani tena. "Sikiliza, Gakenia. Bado hujathibitishwa kazini. Ukienda ufuoni utawaambia nini? Kwamba shule yangu inatunga uvumi? Andika kifungu kingine. Andika kuhusu usafi wa meno."

Gakenia alifundisha hadi saa za mchana bila kujua alichokuwa akifundisha. Watoto walipotoka kwenda kula, hakuandika lolote kuhusu meno. Alichukua mkoba wake, akapanda pikipiki hadi Dunga.

Meza za samaki zilikuwa zimepangwa mstari mmoja kando ya maji. Samaki aina ya ngege waling'aa juu yake, na moshi wa mafuta ulipanda kutoka kwenye makarai. Katikati ya mstari palikuwa na nafasi. Humo meza moja ilikuwa imelala ubavu, mchanga umejaa magamba na nzi, na mwanamke wa makamo amekaa juu ya jerikeni, mikono magotini. Majirani walikuwa wamezisogeza meza zao mbali naye, kama watu wanaomkwepa mwenye kifua kikuu.

"Kama ni samaki unataka, enda kwa hao wengine," alisema mwanamke huyo bila kuinua macho.

"Wewe ndiye Nelima?"

"Mimi ndiye. Umekuja kunipiga picha?"

"Mimi ni mwalimu. Ile karatasi niliiandika mimi."

Nelima aliinua macho taratibu.

"Wewe? Mimi nilikuwa natafuta mwanaume. Kuna mmoja nilimnyima samaki ya mkopo, nikasema huyo tu ndiye anaweza kuniandika hivyo." Akamtazama kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwani. "Nilikukosea nini?"

"Hukunikosea. Sikukujua. Kisa nilikitunga tu, ili watoto wajizoeze Kiingereza."

"Ukatunga, na ikatokea Nelima?"

Gakenia alikuwa na jibu, na njia nzima alikuwa ameona kwamba ni jibu la mtu mwangalifu.

"Akina mama wengi wa wanafunzi wangu wanauza samaki hapa. Wana majina ya Kijaluo: Akumu, Adongo, Awuor. Sikutaka mtoto yeyote akute jina la mama yake katika kisa kibaya. Nikatafuta jina ambalo si la mtu wa hapa."

Maneno yalipokwisha kutoka, aliyasikia kama yalivyosikika upande wa pili. Akatamani kuyarudisha.

Nelima aliitazama meza iliyolala ubavu.

"Nilikuja hapa kabla Sheila wangu hajazaliwa," alisema. "Sasa Sheila yuko sekondari, na meza hii ndiyo inamweka huko. Baba yake alikufa tukiishi hapa hapa. Hawa wenye wamesogeza meza ndio walinipikia wakati wa matanga. Na wewe umekaa huko shuleni, ukasema mimi si mtu wa hapa. Na wao wakakusikia."

"Sikukusudia hivyo."

"Unaitwa nani, Mwalimu?"

"Gakenia."

"Wazazi wako ni watu wa wapi?"

"Nyeri. Walikuja Kisumu kuuza nguo. Mimi nilizaliwa hapa."

"Gakenia." Nelima alilitamka polepole, kama mtu anayepima samaki kwa mkono. "Hata hilo si la hapa. Lakini hukuliandika."

Ilikuwa kweli tupu. Siku ile Gakenia alipokuwa akitafuta jina, lake lilikuwa la kwanza kumjia, naye akaliruka upesi kama mtu anayeruka mtaro wa maji machafu. Nyumbani kwao walilelewa hivyo. Penye lawama, mtoto wa mgeni halitaji jina lake. Naye alitaja la mgeni mwingine.

Watu walikuwa wameanza kukusanyika. Mbele yao alikuja Mzee Odundo, mwenyekiti wa ufuo, mtu mrefu mwenye kofia ya sufu licha ya joto.

"Mama, wewe ni nani, na unataka nini na huyu?"

Gakenia alijitambulisha. Alieleza kwa sauti, mbele ya wote, kwamba kisa kilikuwa cha kubuni, kwamba hakuwahi kumwona Nelima kabla ya siku hiyo, na kwamba hakuna dawa yoyote. Alizungumza kwa mpango mzuri, jambo moja baada ya lingine, kama alivyofundishwa kuzungumza darasani. Alitarajia nyuso zilegee. Hazikulegea.

"Amepewa kitu na Nelima," alisema Sydney, fundi wa mashine za boti, akijifuta mafuta mikononi.

Mwanamke mzee alijipenyeza hadi mbele. Alikuwa na macho ya Becky.

"Mwalimu, mimi ndiye Mama Akumu. Kizungu sijui, lakini namba najua. Mjukuu wangu alipata kumi kwa kumi. Ni wewe uliweka hiyo nyekundu. Kama ni uongo, mbona ulimpa alama yote?"

Umati ukaguna kukubaliana naye.

"Nilimpa alama za Kiingereza, Mama. Sikumpa alama za ukweli."

"Kwa hivyo mtoto anaweza kupita mtihani na uongo?"

"Kwani hao wakubwa walipita na nini?" mtu alisema kutoka nyuma, na kicheko kikavuma. Mama Akumu hakucheka. Alikuwa akimtazama Gakenia kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeambiwa kwamba mizani ya soko haikuwahi kupima chochote.

Karibu nao palikuwa na boti iliyopinduliwa ili izibwe nyufa, na tumbo lake lilikuwa limepakwa lami. Gakenia alitoa chaki mkobani. Mwandiko ulikuwa ule wa ubaoni, mkubwa na ulionyooka. Aliandika kwa Kiingereza, akasoma, kisha akafasiri.

"Mwalimu Gakenia aliuza samaki jioni. Waliobaki aliwatia dawa ya maiti. Asubuhi aliwauzia watoto wa shule. Watoto watatu waliugua." Akageuka. "Huyo ni mimi. Mmeniona nikiandika. Je, ni kweli?"

Alingoja kicheko. Alikuwa na hakika nacho, na sentensi ya kukifuata ilikuwa tayari ulimini.

Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja alimvuta mtoto wake nyuma ya gauni. Macho ya watu yalishuka kutoka usoni mwake hadi kwenye mkoba, yakatulia hapo.

"Sasa sisi tutajuaje?" mtu aliuliza kwa upole.

Simu ililia kama kamera. Ilikuwa ya Sydney.

Gakenia alihisi hamu kubwa ya kuufungua mkoba ule, auinamishe, awaonyeshe kwamba ndani mna kitana, funguo na maandazi mawili. Alijizuia kwa shida. Alimwona Nelima amesimama, akimtazama bila furaha, kama mtu anayemtazama mwenzake akifika mahali ambapo yeye ameshakaa tangu jana.

Mzee Odundo alivua kofia, akajikuna kichwa.

"Jamani, mimi nimesimama hapa," alisema. "Nimeona chaki ikitoka kwa mkoba. Nimeona mkono ukiandika. Samaki sijaona, dawa sijaona. Na bado moyo wangu umeshtuka kidogo juu ya huyu mwalimu." Aliikunja kofia mikononi, kana kwamba jambo hilo lilikuwa limemtisha. "Kama mimi nimeona kwa macho na nimeshtuka, huyu Nelima alikuwa na nafasi gani? Nani kati yenu aliona dawa?"

Akamgeukia yule mwanamke mzee.

"Mama Akumu, uliona?"

"Niliona karatasi," alisema Mama Akumu.

"Rudisheni meza pahali ilikuwa. Boti ya kwanza ikiingia, samaki zianzie kwa Nelima. Mimi nitakula ya kwanza hapa hapa, mbele ya watu. Nikianguka, mtaandika."

Wawili watatu walikwenda kuinua meza. Wengine walibaki wamesimama. Sydney alimsogelea Gakenia, simu mkononi, uso umemshuka.

"Nifute, Mwalimu?"

"Umeshatuma?"

"Kwa grupu mbili tu."

Boti iliingia muda si mrefu. Nelima alipewa samaki wa kwanza. Aliwaparua magamba bila kusema neno, akawasha jiko, akamimina mafuta. Mzee Odundo alikula amesimama, akichambua miiba taratibu, na umati mzima ukamtazama kooni. Alipomaliza, alinawa mikono na kuomba mwingine. Hapo ndipo watu walipoanza kutawanyika kurudi kwenye meza zao. Meza mbili za jirani zilisogezwa karibu, si mpaka zilipokuwa zamani, lakini karibu.

Gakenia alikwenda kuaga. "Nelima, nisamehe. Kesho nitakuja tena, niongee na waliokosekana leo."

"Kesho usije," alisema Nelima, akigeuza samaki. "Picha yako itakuwa imefika kila mahali. Watu wakikuona hapa watasema tunauza pamoja."

Hakusema kwa chuki. Alisema kama mtu anayeijua biashara yake.

Simu ya Gakenia ililia akiwa bado amesimama pale. Alikuwa Bwana Oketch. Sauti yake haikuwa na ile haraka ya asubuhi.

"Mwalimu Gakenia, uko wapi?"

"Dunga."

"Nimetumiwa picha na wazazi watatu. Jina lako liko hapo, limeandikwa kwa chaki." Alikohoa. "Najua ni mambo ya vifungu vyako. Najua. Lakini nikuulize kama mkubwa wako, unijibu ukweli. Kabla ya kuja kwetu, uliwahi kuuza samaki?"

Gakenia aliiondoa simu sikioni, akaitazama, kisha akairudisha. Mama Akumu alikuwa amesimama mbele ya karai la Nelima, peke yake, ameinama juu ya samaki na kumnusa, akinyooka, akiinama tena. Nelima alikuwa amemshikia sahani, akingoja.

"Sikuwahi, Bwana Oketch."

Upande wa pili palikuwa kimya. Ulikuwa ukimya wa mtu mwema ambaye angependa kusadiki, lakini bado hajaamua.