Kulala si Kurara

Mume wangu Révérien hawezi kutamka L. Tangu siku aliyoniposa naitwa Sesire, na jina langu ni Cécile. Sisi ni Wanyarwanda tuliolelewa ukimbizini Burundi. Mimi nimekulia Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, ambako mtoto aliyechanganya L na R alichekwa mpaka akajirekebisha. Yeye alikulia vilimani Muyinga, na nadhani huko L ilikuwa bado haijafika. Nilimsamehe zamani. Katika ndoa kuna makubwa ya kusamehe, na herufi moja si kitu. Ndivyo nilivyodhani mpaka tulipoanza kutafuta gari.

Alipostaafu kazi wizarani Kacyiru, hapa Kigali, wenzake walimfanyia sherehe ya soda na sambusa. Yeye akashika maikrofoni, akatangaza mbele ya watu wote: "Sasa nitamzungusha mke wangu nchi nzima!" Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, halafu nikakumbuka sisi huwa tunasafiri vipi.

Sisi tukisafiri tunalala kwa ndugu zake. Huye tunalala kwa wifi yangu Mukarugwiza, dada yake mkubwa. Karongi tunalala kwa mjomba wake. Musanze kuna Shami, mpwa wake, na watoto wake. Rwanda ni nchi ndogo na ukoo wa Révérien ni mkubwa. Gari haliwezi kukuharibikia mahali pasipo na binamu yake. Na mke wa kaka akifika, hakai sebuleni kupunga upepo. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ndivyo wasemavyo. Mimi kwa wifi napewa mwiko kabla sijavua viatu. Ziwa Kivu, kwa mjomba wake Karongi, nimeliona mara nyingi sana, lakini kila mara kupitia dirisha la jikoni, nikimenya ndizi.

Kwa hiyo jioni ile ile ya sherehe nilimwambia, kwa Kiswahili. Nyumbani tunasema Kinyarwanda, lakini tukigombana tunahamia Kiswahili, maana Kinyarwanda chake kina adabu nyingi mno, hakifai kwa ugomvi.

"Nataka gari la kulala," nikamwambia. "La watu wawili, mimi na wewe. Nataka niamke walau mara moja katika maisha yangu mahali ambapo hakuna anayengoja chai yangu."

"Gari ya kurara," akasema, akitikisa kichwa kwa uzito wote wa wizara. "Nimekuerewa, Sesire."

Laiti ningemsahihisha pale pale.

Akampigia Gakwaya. Huyu ni dalali wa magari, hapa Kigali tunawaita komisiyoneri, mtu mwembamba mwenye simu mbili ambazo huita kwa pamoja. "Gari ya kurara?" nikamsikia Gakwaya akishangilia upande wa pili. "Iko, mzee! Iko nyingi sana!"

La kwanza lilikuwa Gikondo, nyuma ya gereji. Refu, jeusi, linang'aa, lina mapazia ya zambarau. Ndani mlikuwa na jukwaa moja tu la kulalia, lenye vyuma vya kushikilia pembeni. Révérien ni mrefu, hakuna kitanda kilichowahi kumtosha. Akapanda, akajinyoosha, akafumba macho, mikono kifuani.

"Sesire," akaniita kwa furaha, "miguu imeenea yote!"

Mimi nilikuwa nanusa. Humo mlikuwa na harufu ya maua yaliyokaa siku nyingi.

"Gakwaya, gari hili lilikuwa linafanya kazi gani?"

"Mama, hii iko gari ya heshima."

"Heshima gani?"

"Ilikuwa inabeba wale wamelala."

"Wamelala vipi?"

Gakwaya akatazama viatu vyake. "Wamelala kabisa, mama."

Sijamwona Révérien akiruka vile tangu ujana wake. Alitoka amejipiga ishara ya msalaba mara tatu kabla miguu haijagusa ardhi. Gakwaya naye hakukata tamaa. "Lakini, mzee, tangu ianze kazi hakuna mteja hata moja amelalamika!"

La pili lilikuwa na hema juu ya paa, unapanda kwa ngazi. Kupanda, alipanda. Kushuka ndiko kulikokuwa na kazi. Magoti yalimgomea kule juu, na mafundi wawili wa gereji wakamshusha kwa kumkumbatia, kama wanashusha kabati. Mwanamume wa umri wake huamka usiku kwenda haja. Ngazi ile ingenifanya mjane kabla hatujafika Muhanga.

Kisha Gakwaya akampigia mume wangu akiwa na sauti ya mtu aliyeokota dhahabu. "Mzee, sasa nimepata ile yenyewe. Ile ulisema."

Tukarudi Gikondo. Lilikuwa basi zima, zamani likibeba watalii. Viti vimeng'olewa, badala yake vitanda saba, vingine juu vingine chini. Nyuma kabisa, jiko la gesi lenye meko manne, sinki, tangi la maji, na ndoano za kutundikia sufuria. Sufuria moja ilikuwa bado imetundikwa, kubwa, ya kupikia wali wa harusi.

Nikamgeukia mume wangu ili tucheke pamoja. Hakuwa anacheka. Alikuwa anatembea polepole kati ya vitanda akivipapasa kimoja kimoja.

"Hapa dada," akasema. "Chini, kwa sababu ya magoti. Hapa mjomba. Shami apande juu, yeye bado kijana. Hapa watoto wa Shami..."

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe hapa, Sesire." Akapiga godoro la mwisho kwa mapenzi kabisa. "Karibu na jiko. Usisumbuke kutembea."

Nikalitazama lile jiko. Lilikuwa zuri, kusema kweli, na ndiyo maana liliniuma. Maisha yangu yote nimekuwa nikilifuata jiko kwa watu. Sasa jiko limeota magurudumu linifuate mimi. Nikashuka nikasimama nje kwenye mafuta machafu na vipande vya tairi, na machozi yakanitoka. Yalikuwa machozi ya hasira, na sikuyaficha.

Gakwaya akanijia mbio, simu zote mbili zikilia. "Mama, imekosa nini? Si mzee alisema gari ya kurara? Kurara iko ya wageni, mama! Nimetafuta yenye vitanda mingi!"

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwa Kinyarwanda, kurara ni kupitisha usiku mahali. Mgeni akija jioni, swali ni hilo: atarara? Akirara, basi kuna kitanda cha kutandika, kuna chakula cha kuongeza, na kuna mtu wa kuamka kabla ya wote kuwasha moto. Mtu huyo namjua vizuri. Mimi nilisema kulala. Ulimi wa mume wangu ukaagiza kurara. Gakwaya, maskini, akaleta kilichoagizwa.

Révérien akashuka akiwa ameng'amua pia. "Ni urimi, Sesire," akasema kwa unyenyekevu. "Ni urimi tu."

"Ungekuwa ulimi tu ningekusamehe, Révérien." Nikiwa na amani naye namwita Baba Ingrid, kwa jina la binti yetu, siku ile alikuwa Révérien. "Lakini vile vitanda hukuvigawa kwa ulimi. Umevigawa kwa moyo. Ulikuwa na kitanda cha kila mtu kabla hujanitafutia changu."

Akavua kofia, akaizungusha mikononi. "Dada ndiye arinibeba mgongoni tukikimbia Rwanda, mpaka Muyinga. Nirikuwa mtoto mchanga. Nitampitaje mrangoni?"

"Alikubeba, na mimi namheshimu. Lakini alikubeba wewe, na tangu tuoane mimi ndiye ninayemenya viazi kwa ajili ya mgongo ule."

Gakwaya akajifanya anakagua tairi. Tukarudi nyumbani kila mtu anatazama dirisha lake.

Baada ya hapo nyumba ikawa kimya. Kinyarwanda kilitumika kidogo tu, cha habari za asubuhi na chumvi iko wapi. Niliona wazi kwamba safari imekufa, na kwamba nitaliona Ziwa Kivu tena mwezi wa nane, kupitia dirisha lile lile. Siyo gari nililolilia. Nilitaka kujua kama mtu huyu, akiulizwa kuchagua, anaweza kunichagua mimi mara moja.

Gakwaya ndiye aliyefufua jambo. Alinipigia mimi, hakumpigia mzee. "Mama, sema wewe mwenyewe, pole pole. Gari ya nini?"

"Ya kulala," nikasema. "L mbili, Gakwaya. Na watu wawili."

Akatupeleka Kanombe, kwa mwanamke mmoja mchangamfu aitwaye Claudette, anayefanya kazi uwanja wa ndege. Gari lake lilikuwa limeegeshwa kando ya barabara mbele ya lango: dogo, jeupe, zamani likisambaza mikate. Ndani, kitanda kimoja. Chini yake droo za nguo. Pembeni, jiko la gesi la meko moja, na juu yake birika, basi. Hata ungetaka kupikia ukoo, ungepika yai tu. Na mapazia mazito, kwa sababu Claudette ni Mnyarwanda kama sisi na anajua kwamba hakuna mtu mzima anayekubali kuonekana akitafuna barabarani.

"Nilitembea nalo na mume wangu. Sasa tuna mapacha, hatuenei," akasema. "Hili ni la watu wawili wanaopendana. Au wembamba."

Révérien akakohoa.

"Na kitanda hakinunuliwi bila kulaliwa," Claudette akaendelea. "Ingieni mpime."

"Sasa hivi? Mchana?" Révérien akashtuka. "Barabarani?"

Mimi nilikuwa nimeshavua viatu. Akaingia nyuma yangu kama mwizi, Claudette akavuta mapazia, tukalala chali bega kwa bega. Kikamwenea kwa kukunja magoti kidogo. Godoro lilikuwa gumu kiasi, na harufu ya mkate ilikuwa bado imo kwenye mbao. Nikasikia moyo wangu unatulia. Kisha nikasikia sauti ya mama mmoja aliyekuwa anapita.

"Ninyi, humo ndani kuna nani?"

"Iko wazee wawili, mama," Gakwaya akajibu. "Wanajaribu tu."

"Wanajaribu nini?"

"Kitanda."

Nikaanza kucheka. Nilibana mdomo kwa kona ya shuka, lakini gari lenyewe lilikuwa jepesi, likaanza kutikisika, na huko nje nikamsikia yule mama akisema "Yesu wangu!" na kuongeza mwendo. Révérien alijifunika uso kwa kofia. Hapo ndipo simu yake ilipoita.

Ilikuwa ni dada. Révérien hasikii vizuri simu ikiwa sikioni, huiweka sauti ya juu, kwa hiyo Mukarugwiza akaingia nasi kitandani.

"Révérien!" akasema kwa Kinyarwanda. "Shami ameniambia mmepata gari la vitanda saba. Mimi nataka cha chini. Na mwambie Cécile asisahau sufuria kubwa, mjomba siku hizi anakula."

Wifi yangu anaweza kutamka jina langu. Anapotaka sufuria.

Révérien akafungua kinywa. "Yego, dada," akaanza, na roho yangu ikashuka. Yego ni ndiyo, na ndiyo za mtu huyu kwa dada yake zimenilisha moshi maisha yote. Lakini ndege ikapita juu yetu ikielekea kutua, kelele ikafunika kila kitu, na ikabidi angoje. Alingoja ananitazama. Macho yangu yalikuwa bado na machozi ya kicheko, na sijui yeye aliyasoma vipi.

Ndege ilipotua, akasema tena, "Dada," na safari hii kwa Kiswahili.

Nikashtuka. Kiswahili kwetu ni cha ugomvi, na hakuna lugha ambayo Révérien aliwahi kumgombeza nayo dada yake.

"Dada, vitanda saba hapana. Iko kitanda kimoja."

"Kimoja?" Naye akaingia Kiswahili, cha kwake. "Na mimi nitarara wapi?"

"Kwenye kitanda yako, dada. Huye."

Nikamsikia Gakwaya huko nje akivuta pumzi.

"Tutafika kwako," Révérien akaendelea. "Tutakura mchana, tutakuretea sukari. Wewe urinibeba, sijasahau. Rakini usiku hatutarara kwa mtu. Sisi tuna..." Akasimama. Akalowesha midomo, akaupeleka ulimi nyuma ya meno na kuuacha hapo, kama mtu anayetia ufunguo kwenye kufuli asiyoiamini. "Tuna-la-la. Mimi na mke wangu. Ku-la-la."

Zilitoka. L nene, moja moja, kila moja na jasho lake.

Wifi akauliza: "Nani amekufundisha kusema hivyo?"

"Yuko hapa," akasema mume wangu.

"Haya," wifi akasema mwishowe. "Sukari isikuwe kidogo." Akakata.

Tukabaki tumelala, tunatazama dari la mbao. Nikamshika mkono. Gakwaya akagonga ubavuni mwa gari.

"Mzee? Iko sawa? Inatosha?"

"Inatosha," Révérien akajibu. "Ngoja huko."

Kisha akanigeukia, amejaa fahari ya mtu aliyefaulu mtihani, akanifunika bega kwa koti lake la wizarani.

"Lala, Sesire," akasema.

Sikumsahihisha. Nikalala.