Wayaringi Kutoka Japani

Jumanne saa tatu asubuhi, fundi umeme alipewa kazi ya kufunga wayaringi kwenye gari dogo jeupe la Kijapani la mwaka themanini na nane. Gari lilikuwa ganda tupu juu ya matofali: halina injini, halina viti, halina dashibodi. Wayaringi yenyewe, nyaya zote za gari zikiwa zimefungwa pamoja kama msuko mrefu, ilikuwa ndani ya gunia. Mwenye gereji aliiweka mezani akasema imetoka Japani.

Mwenye gereji aliitwa Mzee Nusu. Jina lilitokana na biashara yake ya kuagiza nusu za magari, yaliyokatwa katikati huko Japani, ile ya mbele ikiwa na injini na kila kinachoizunguka. Alikuwa mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni, na hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Kila spea iliyoingia kwake ilikuwa imetoka Japani. Hata magunia.

Gari lilikuwa la mkuu wa kituo cha polisi. Alilinunua likiwa limeungua, na alitaka lirudi barabarani likiwa na nguvu kuliko lilivyotoka kiwandani: injini kubwa zaidi, giaboksi ya gia tano, breki za diski mbele na nyuma. Mzee Nusu alimwambia kwamba spea za modeli hiyo zimeadimika, asubiri miezi mitatu. Hiyo ilikuwa tarehe tatu. Tarehe kumi na sita spea zote zilifika kwa pamoja.

Tarehe tisa, katikati ya hizo mbili, kaka yake fundi umeme aliondoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na gari lake, modeli ileile, mwaka uleule. Alikuwa dereva wa kukodiwa wa safari za milimani, na kwa ajili ya milima alilibadilisha injini na giaboksi kwa miaka mitano, kipande baada ya kipande. Kwa miaka kumi na moja hakuwahi kukosa chakula cha mchana nyumbani kwake. Kila siku alifika saa saba na robo, akapiga honi mara mbili, akaondoka saa nane. Akiwa na abiria, abiria alikaribishwa mezani. Tarehe tisa hakufika.

Mkewe alikwenda kituoni. Askari wa zamu alimfungulia jalada la gari lililopotea. La mtu hakulifungua.

"Mama, mwanaume akiondoka na gari, huyo ameondoka," alimweleza. "Gari likionekana bila yeye, hapo tutamfungulia na yeye jalada lake."

Kwa hiyo katika familia ile jambo lililobaki lilikuwa moja tu, gari lionekane.

Fundi umeme aliinyoosha wayaringi juu ya meza na kuanza kuikagua kutoka upande wa usukani. Kwenye plagi ya indiketa, waya wa kushoto ulikuwa umeingizwa tundu la kulia, na wa kulia tundu la kushoto. Sentimita arobaini mbele, nyaya hizohizo mbili zilikuwa zimekatwa na kupishanishwa tena, ili taa ziwake upande unaotakiwa. Maungio yale mawili hayakufungwa kwa tepu. Yalifungwa kwa uzi wa nta wa fundi viatu, mizunguko saba, fundo likiwa chini.

Kosa lile lilikuwa lake. Zamani, alipokuwa anajifunza kazi, darasa lao lilikuwa na mchoro mmoja wa nyaya, fotokopi iliyotolewa kwenye karatasi ya plastiki. Aliyetoa nakala aliigeuza plastiki ile, na mchoro ukatoka kinyume, kama unaousoma kwenye kioo. Maandishi yalikuwa ya Kijapani, kwa hiyo hakuna aliyegundua kwamba nayo yamegeuka. Wanafunzi wenzake waliacha ufundi mmoja baada ya mwingine. Yeye aliendelea, na alipokuja kujua ukweli mkono ulikuwa umeshazoea: aliingiza kinyume, kisha akapishanisha. Kwa wateja aliacha tabia hiyo. Gari la kaka yake alilifunga zamani, kabla ya kuiacha.

Alihesabu tena mizunguko ya uzi. Ilikuwa saba na saba.

Saa saba na robo kiti cha dereva, kilichokuwa sakafuni pembeni kikingoja kufungwa, kilibonyea. Dashibodi iliyoegemezwa ukutani, bila betri wala waya, ilishusha mshale wa mwendo kutoka hamsini hadi sifuri. Mafundi walikuwa wameshaliona hilo tangu siku spea zilipofika, na walichobadilisha ni kuacha kuweka helmeti zao juu ya kiti.

"Bwana mkubwa kaingia kwenye chakula," alisema fundi injini, mdomo umejaa.

"Mkaribishe basi."

"Nimkaribishe nini? Mimi mwenyewe sijashiba."

Saa nane kamili kiti kiliinuka.

Fundi umeme alimfuata Mzee Nusu ofisini akiwa amebeba plagi mkononi.

"Mzee, hili gari limechinjwa wapi?"

"Hapa hatuchinji magari, mwanangu. Wanachinja Japani. Sisi tunafufua."

"Uzi huu ni wangu."

"Uzi wa viatu unauzwa kila duka."

"Na namba ya injini? Imesagwa mpaka inang'aa."

"Chumvi ya baharini hiyo. Safari ni ndefu."

"Mzee, hizi nyaya zimepishanishwa mara mbili. Hakuna mtu mwingine anayefanya hivyo. Ni kosa langu mimi."

Mzee Nusu alichukua plagi, akaitazama kwa makini, akamrudishia. "Na wewe unataka niwaambie wateja kwamba fundi wangu amekuwa akifunga nyaya kinyume?" aliuliza kwa upole. "Halafu watakuletea kazi gani?"

Siku iliyofuata fundi umeme alikwenda kituoni. Mkuu alimpokea vizuri, akamvutia kiti. Alisikiliza hadi mwisho, akaomba karatasi, akachora mwenyewe plagi, nyaya mbili na mahali zilipopishana. Mchoro wake ulikuwa sahihi.

"Kwa hiyo ushahidi wako ni kwamba ulikosea."

"Ndiyo, Mkuu."

"Na Wajapani hawakosei?"

"Hawakosei hivi."

"Umefika Japani?"

"Sijafika."

"Basi." Mkuu aliikunja karatasi mara nne, akaitia mfuko wa shati. "Kafunge, dada. Ila nataka indiketa ziwake sawasawa."

Alirudi gereji akiwaza. Akikataa kazi, atapewa mwingine, na huyo mwingine atanyoosha nyaya, atafungua uzi, na alama pekee iliyobaki itatupwa kwenye pipa. Akifunga yeye, kila fundo litabaki mahali pake. Alifunga. Ilimchukua siku nne. Indiketa ziliwaka sawasawa.

Mkuu alilichukua gari Jumatatu. Saa saba na dakika tano alikuwa njiani kwenda mkutanoni. Kwenye njia panda alikata usukani kulia, na usukani ulimtii. Gari lilikwenda kushoto. Lilipita sokoni, likapunguza mwendo kwenye shimo lililokuwa limeshazibwa mwezi huo, likasimama mbele ya geti la bluu. Honi ililia mara mbili. Injini ilizima.

Mke wa kaka yake fundi umeme alitoka akiwa na mwiko mkononi. Alimtazama Mkuu, akalitazama gari, akaufungua mlango wa nyuma, kisha buti. Aliinua mkeka wa buti na kuangalia chini yake. Alipoona hamna mtu alirudi ndani, akatia komeo. Gari halikuwaka hadi saa nane.

Jumanne likawa vilevile. Jumatano Mkuu alikabidhi usukani kwa dereva wa kituo, na yeye akaenda kwa miguu. Dereva alipelekwa kwenye geti la bluu. Alhamisi gari lilirudishwa gereji, Mzee Nusu akalizunguka mara moja, akainama, akachungulia magurudumu ya mbele.

"Linavuta kushoto kidogo," alisema.

Magurudumu yalipimwa na kusawazishwa. Ijumaa gari lilifika getini saa saba na robo, likiwa limenyooka vizuri zaidi.

Mkuu alikuwa mtu wa utaratibu. Alisogeza mikutano yake ikaanza saa nane na nusu. Alikuja na gazeti, baadaye na mto mdogo wa shingo. Majirani walianza kusema ana jambo lake kwa mke wa watu, na wengine walisema kwamba mume hakuondoka bure. Kila siku mke alifungua milango minne na buti, akaangalia, akafunga. Siku nyingine alikisogelea kiti cha dereva akakinusa, na Mkuu alishusha gazeti kumpisha.

Fundi umeme naye alianza kuja. Alisimama upande wa dirisha la dereva.

"Sasa unaona, Mkuu."

"Naona."

"Hili gari ni la kaka."

"Gari linajua njia, dada. Kujua njia si kosa. Hata mimi najua njia ya benki."

"Nani amelionyesha?"

"Hilo ndilo hatujui," alisema Mkuu, na akafungua ukurasa wa michezo.

Wiki ya nne alikuja na jalada kwapani. Kwa mara ya kwanza aliomba kiti, akakaa kivulini ukutani, akamwita mke na fundi umeme wasikie. Alisoma polepole, kwa sauti ya mtu anayependa karatasi zake ziwe sawa. Ilikuwa imethibitishwa, alisoma, kwa maelezo ya majirani sita, ya mke, na ya dada wa mlalamikiwa, kwamba gari tajwa hufika nyumbani kila siku saa saba na robo na kupiga honi mara mbili, kama kawaida yake ya miaka kumi na moja. Kwa hiyo jalada la gari lililopotea linafungwa.

"Dada wa mlalamikiwa ndiye nani?" aliuliza fundi umeme.

"Wewe."

"Kaka amelalamikiwa nini?"

"Ameondoka nyumbani," alisema Mkuu. "Ila hilo si la polisi."

Mke alilitazama gari, kisha akamtazama Mkuu. "Askari wako aliniambia gari likionekana bila mume wangu, mtamfungulia jalada lake. Gari hili hapa. Yeye hayumo. Nimeangalia kila siku."

"Alikueleza vizuri. Lakini kinachoonekana ni kile kilichopotea, mama. Gari lisilopotea haliwezi kuonekana."

"Mshenzi wewe," alisema fundi umeme.

"Inawezekana," alisema Mkuu.

Alimpa mke kalamu. Mke hakuipokea. Mkuu alimweleza kwamba saini yake haikuwa ya lazima, akaweka ya kwake pale chini pamoja na tarehe, akapuliza wino ukauka. Ilikuwa saa saba na dakika arobaini. Alikirudisha kiti ukutani alipokikuta, akaingia garini, akateremsha kioo kwa sababu ya joto, akangoja dakika ishirini zilizobaki.